Mchoro Uliolazwa Kifudifudi

Jumatatu, 3 Machi

Nimetia mafuta mashine ya kukanyaga kwa mguu kabla hata ya kuvua koti. Kama kila Jumatatu. Mguuni ina jina la mvumbuzi na tarehe ya hataza yake, yaani patent, karne ya kumi na tisa, na bado inachonga matundu ya milango vizuri kuliko ile ya umeme. Zuhura alikuwa nyuma yangu, anatazama. Simpendi akinitazama nikifanya kazi.

Asubuhi nilipomchukua kwa gari Takoma Park anakokaa, kama kawaida: "Shikamoo, dada." Nikamjibu, "Sasa." Kwetu Nyahururu hatuna hiyo salamu. Watanzania wa kanisani wanasema ni heshima kwa mkubwa. Nimemzidi miaka michache tu. Kila siku ananikumbusha kwamba nimezeeka, tena kabla sijanywa chai.

Leo Mzee Walt, mwenye karakana hii ya kukarabati milango na vitasa vya zamani, ametuita sote wawili. Baada ya Pasaka anastaafu, anahamia kwa binti yake. Karakana haifungwi. Mmoja wetu atashika funguo na kuwa mkuu wa kazi, ataamua mwisho wa mwezi. Alisema hivyo akimtazama Zuhura. Labda alitazama dirisha lililo nyuma yake. Sidhani.

Nina miaka tisa hapa Manassas. Yeye ana mmoja. Funguo ni zangu.

Jumanne, 4 Machi

Bawaba ya kabati, ya zamani sana, pini yake imepotea. Tarehe ya hataza imelika. Tarakimu moja haisomeki, ni tatu au ni nane. Zuhura akafungua kalenda ya mwaka ule kwenye simu. Hataza za Marekani hutolewa Jumanne, tangu enzi hizo. Tarehe tatu ilikuwa Jumanne, nane ilikuwa Jumapili. Basi ni tatu. Akaupata mchoro wa mvumbuzi, na mchoro ukatuonyesha pini ilivyokuwa. Mzee Walt akapiga makofi.

Habari ya Jumanne alifundishwa na nani? Na mimi. Mwaka jana, kwenye meza hiyohiyo, nikila githeri. Nilingoja anitaje. Hakunitaja. Alitabasamu tu, na vile vishimo vyake vya mashavuni.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Kwanza, Zuhura amefunga Ramadhani. Saa ya chakula yeye haendi kula, anaendelea na tupa yake. Mimi nimekaa na chapati zangu, naonekana mvivu. Mzee Walt amepita akasema huyu msichana ana bidii. Sina ugomvi na saumu ya mtu. Nina ugomvi na saumu inayofanyika mbele ya bosi.

Pili, kabati la vipuri. Vitasa, komeo, vifungio vya madirisha, hata vile vimashine vya kumenyea matofaa, vyote nilivipanga mimi kwenye droo, kwa mwaka wa hataza. Mwaka baada ya mwaka. Leo Zuhura kamwambia mzee, kwa sauti yake ya asali, kwamba tarehe iliyo kwenye chuma ni ya hataza tu. Viwanda viliendelea kutoa kitu kilekile na tarehe ileile kwa miaka mingi. Kwa hiyo eti afadhali tupange kwa kazi ya kipande, si kwa mwaka. Mzee akasema ni wazo zuri. Droo zangu zimemwagwa mezani kama dengu za kuchambua.

Yuko sahihi. Hilo ndilo linaloniuma.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Hapa mwenyeji ndiye anayeugua.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimemwomba Mungu aniondolee wivu. Kisha nikaomba funguo. Kwa pumzi moja.

Nyumbani nimemweleza Shiru, binti yangu, ile habari ya shikamoo. Hakuinua hata macho kwenye simu. "Mum, she's literally just being polite." Kila kitu ananijibu kwa Kiingereza. Halafu akaongeza kwamba Zuhura yuko cool. Hata mtoto niliyemzaa.

Jumanne, 11 Machi

Kitasa kimekuja, na nimepewa mimi.

Ni cha mlango wa mbele wa nyumba ya zamani Takoma Park. Mwenye nyumba ni mama mmoja mwalimu mstaafu, hataki kitasa kipya, anataka hichohicho alichokigusa bibi yake. Ndani kumepotea wenzo mdogo, ule unaosukuma ulimi, kile chuma kinachoingia kwenye fremu. Hakuna mwingine wa kuiga. Itabidi niuchonge kwa kufuata mchoro wa hataza peke yake. Kazi ngumu kuliko zote mwaka huu. Mzee Walt akaniwekea kwenye benchi langu, akanigonga begani.

Zuhura amepewa bawaba za jikoni. Nimefurahi. Nimefurahi kwa ubaya, na sijutii.

Nikifanikiwa hapa, mambo ya funguo yamekwisha.

Alhamisi, 13 Machi

Mchoro nimeupata, nimeuchapisha. Mistari mizuri, imechorwa na mtu mwenye subira. Nimeanza kukata. Wenzo una kinundu upande mmoja tu, kwa hiyo hauwezi kugeuzwa, ukikosea upande umekosea. Nimefanya haraka kidogo kwa sababu Zuhura keshamaliza bawaba zake na anapiga mluzi.

Jioni garini, foleni ndefu, Zuhura akaanza: "Dada, samahani, ule wenzo wako..."

Sikumwacha amalize. "Zuhura, please. Kila mtu ashughulike na bench yake." Nikafungulia redio. Ikalia mpaka Takoma Park. Alipoteremka akasema asante, dada, usiku mwema. Adabu hiyo inanichosha kuliko matusi.

Ijumaa, 14 Machi

Mtu amegusa benchi langu. Nilitoka kunawa mikono, kurudi nikakuta mchoro wangu umelazwa kifudifudi, mistari inaonekana kwa nyuma ya karatasi. Nimeugeuza nikaendelea. Sijauliza. Najua ni nani. Kwangu hata karatasi haiwezi kutulia.

Jumatatu, 17 Machi

Tena. Kifudifudi, na kipande cha chuma kimewekwa juu yake usipeperuke. Zuhura yuko kwenye msumeno, kanipa mgongo. Mzee Walt alikuwa karibu, nikameza maneno. Nimeugeuza mchoro kwa kishindo, asikie.

Wenzo umekamilika. Umeng'aa. Nimeupiga picha nikamtumia Shiru. Kanijibu kwa kidole gumba.

Jumatano, 19 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulikwenda watatu Takoma Park kufunga kitasa. Mwenye nyumba alikuwa ameoka keki, amejifunga kitambaa kizuri shingoni kana kwamba ni sherehe. Nikafunga kitasa, nikaingiza ufunguo. Ufunguo ukazunguka bure. Ulimi haukutoka. Nikajaribu tena. Tena. Yule mama akasema si neno, lakini macho yake yalisema ni neno.

Mzee Walt akakifungua kitasa ukumbini. Akaweka mchoro wangu kando yake. Akatazama. Akauinua mchoro, akaubandika kwenye kioo cha dirisha, halafu akaugeuza. Akasema taratibu kwamba huyu mvumbuzi alichora kitasa chake kwa nyuma, kifuniko kimetolewa. Wenzo wangu unatazama kushoto. Ulitakiwa utazame kulia.

Miaka tisa. Kosa la mtu wa wiki ya kwanza.

Nikamgeukia Zuhura. Alikuwa anatazama sakafu. "Ulijua?"

"Nilijua, dada."

Kwa hiyo ndiyo maana ya ile karatasi. Aliona, akajua, akawa anacheza na mchoro wangu kama paka na panya, akaniacha nibebe aibu yangu mpaka sebuleni kwa watu. Namchukia. Nimeandika na siufuti. Jioni ametoka karakana kwenda kwake kwa basi. Nilikataa kumbeba.

Ijumaa, 21 Machi

Jana nilichonga wenzo mpya. Sikula. Leo nimeenda peke yangu kuufunga. Ulimi umetoka ukaingia, mlango ukajifunga. Yule mama akafungua akafunga, akafungua akafunga, machozi yakamtoka. Alinipa keki ileile ya juzi. Nimeila garini.

Zuhura alikuwa kituo cha basi, si mbali na hapo, anatoka kazini. Wakati wa kufuturu ulikuwa umekaribia, ameshika kifuko cha tende. Ningeweza kupita. Nikasimama.

Hakuingia mara moja. "Shikamoo, dada," kupitia dirishani. Nikamwambia aingie, baridi inaingia.

Nikamuuliza bila kuzunguka. "Kwani ulishindwa kuniambia? Si ungesema tu, wewe, umekosea? Kwetu mtu akiona unakosea anakuambia. Finish."

Tukafika kwenye taa. Kisha akasema, na hii naiandika kama alivyosema: "Kwetu mkubwa hasahihishwi mbele za watu, dada. Na Mzee Walt alikuwepo kutwa nzima. Nilikwambia garini, ukanikatiza. Basi nikakugeuzia karatasi. Nilijua ukiiona kwa nyuma utaelewa mwenyewe, na hakuna atakayejua kama ulikosea. Nikakugeuzia tena. Ulivyoirudisha vile, nikaogopa."

"Na kule kwa yule mama?"

"Kule kulikuwa na watu."

Nilitamani kubisha. Ile karatasi mimi mwenyewe niliigeuza, mara mbili, kwa mkono huu. Sikuitazama kwa sababu iliguswa na yeye.

Akafungua tende, akanipa moja kabla ya kula yake. Halafu akasema, "Ile kazi naitaka, dada. Sikufichi. Ila sikutaka kuipata kwa wewe kuanguka."

Afadhali angedanganya. Mtu mbaya ningemchukia vizuri.

Jumatatu, 24 Machi

Funguo amepewa Zuhura.

Mzee Walt aliniita mimi kwanza, peke yangu, akafunga mlango. Alisema si kwa sababu ya kitasa. Alisema mikono yangu ndiyo bora aliyowahi kuiona, lakini mkuu wa kazi lazima aweze kusikia anapoambiwa. Nilimuuliza nani kamwambia sisikii. Akasema hakuambiwa na mtu, ana masikio, karatasi ikigeuzwa kwa kishindo inasikika karakana nzima.

Nimesema asante. Nimeenda chooni nikalia. Nikanawa uso, nikarudi kwenye benchi.

Nina wivu. Si ule wa mwanzoni wa kutafuta sababu. Huu hauna sababu yoyote, umekaa tu.

Jumatano, 26 Machi

Garini leo tumezungumza habari za foleni. Kesho labda hali ya hewa.

Nimefikiria kuacha kazi. Kuna Mkenya mwenzangu mwenye kampuni ya kusafisha maofisi, angenichukua kesho. Kisha nikakumbuka ile mashine ya kukanyaga. Nani ataitia mafuta? Zuhura hutia mengi mno.

Jumapili, 30 Machi

Sikukuu yao, Idi. Nimerudi kutoka kanisani nikakuta sufuria ya pilau mlangoni, imefungwa kwa kanga. Zuhura hakubisha hodi, alimwachia Shiru ujumbe tu. Shiru amekula sahani mbili, akasema tena ile habari ya cool.

Nimeonja kidogo nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa nikala. Iliki nyingi, jinsi ninavyopenda. Nimeosha sufuria, nimekunja kanga. Sirudishi sufuria tupu, mama yangu angefufuka kunigombeza. Nimetia viazi vitamu.

Jumanne, 1 Aprili

Zuhura amefungua karakana kwa funguo zake. Akasogea pembeni ili nitangulie kuingia.

Nimetia mafuta mashine. Nimetazama droo mpya. Kifungio cha dirisha nimekipata mara moja, bila kukumbuka mwaka wowote. Nikafunga droo.

Mchana alikuwa anafunga mlango wa kabati la mteja, kazi yake ya kwanza kama mkuu. Mzee Walt amesimama hapo na kikombe chake, anamwangalia kwa fahari. Nikaona. Ameshika bawaba ya kushoto, na mlango ni wa kulia. Patasi iko tayari juu ya mbao. Akipiga mara moja, mbao ya watu imekwisha.

Nilitaka kunyamaza. Nilitaka sana.

Nikamwambia Zuhura anisaidie kwanza kushika ubao wangu kwenye jiliwa. Ubao haukuhitaji kushikwa, jiliwa lilikuwa limekwisha kuubana. Akaweka patasi chini, akaja. Tulisimama tumeushika, sisi wawili, mpaka Mzee Walt alipokwenda kuongeza kahawa. Hapo ndipo nikamwambia, Zuhura, hiyo ni ya kushoto.