Swali la Dume

Jumanne, jioni

Bado nawaza juu ya nguruwe jike wa Mama Antho. Majibu ya damu yalifika leo asubuhi. Ana kingamwili za homa ya nguruwe, yaani mwili wake umewahi kupigana na ugonjwa ule ukashinda. Chanjo yake sisi hapa hatuna, kwa hiyo lazima aliugua kweli. Wapi sasa, na mtaani kwake hakuna nguruwe hata mmoja aliyekufa?

Nilimwendea Mama Antho.

"Docteur, nguruwe yangu haijatoka hapa hata siku moja."

"Bon. Na hii mimba aliipata wapi?"

Akaangalia chini. "Nilimupeleka Bengamisa, kwa dume ya shemeji. Kila mutu anafanya vile."

Kule nguruwe wote wa shemeji walikufa wiki ile ile, na Mama akaona haya kusema. Wake alirudi, akalala siku nne bila kula, akaamka.

Watoto wake wadogo nao wana kingamwili. Nadhani wamezipata kwenye maziwa ya mama, na zitaisha polepole. Au virusi viko bandani. Sijui, itabidi nipime tena baadaye. Mmoja wao ni malipo ya mwenye dume, ndiyo desturi, na alikuwa asafirishwe kesho kwa pikipiki. Nimemwomba Mama angoje. Amekubali kwa shingo upande.

Kinachonikera ni fomu yangu ya kuhoji wafugaji. Inauliza chanjo, chakula, maji, hata rangi ya ngozi. Miaka yote hii sijawahi kuuliza dume alitoka wapi.