Kioo cha Darubini kwenye Kichanja cha Sufuria

Jumamosi. Mvua imekatika jioni hii, na mimi nina hasira mpaka kichwa kinauma. Mtu asiniambie pole. Sitaki.

Juma lililopita, kabla mawingu hayajatufunika, nilipiga picha galaksi ya Andromeda, jirani yetu kule juu, kwa darubini yangu. Karibu na kiini chake palikuwa na kidoti cha mwanga ambacho hakipo katika picha zangu zote za zamani. Huenda ni nova, nyota hafifu iliyolipuka ghafla. Itang'aa siku chache, kisha ififie. Mimi, mwalimu tu wa fizikia, ambaye nyuma ya nyumba yake ni majani chai matupu, nimeona kitu ambacho pengine hakuna mwingine aliyekiona!

Lakini picha moja si ushahidi. Inaweza kuwa kasoro ya kamera. Nilihitaji picha ya pili ndipo niripoti kwa jina langu.

Jana nilikitoa kile kioo kikubwa cha darubini, cha mviringo kama sahani, kinachokusanya mwanga, nikakiweka kwenye kabati la jikoni, mahali pekee pakavu nyumba hii. Unyevu wa huku unaotesha ukungu hata kwenye viatu.

Leo akina mama wa kanisa wamemtembelea wifi yangu Kemunto, mke wa kaka. Na mnajua mambo ya wageni kwetu: sufuria lazima zing'ae, zipangwe kichanjani zikitazama barabara, ili kila mpita njia ajue nyumba hii ina mwanamke. Kemunto alizisugua zote kwa stiliwaya na jivu.

Na kioo changu pia.

Nilikikuta kichanjani katikati ya sufuria mbili, kimekwaruzwa chote, ile alumini nyembamba inayoakisi mwanga imebanduka.

"Wifi, hata hiyo sahani yako nimekuoshea," akaniambia huku anatabasamu. "Ilikuwa na vumbi, jamani!"

Wageni wakamsifu. Wakamsifu!

Nilimtolea maneno ambayo sitayaandika hapa. Akalia. Sikumwonea huruma, na hata sasa simwonei. Mama anasema hakujua. Sawa, hakujua, lakini si mdomo anao? Miaka yote tunaishi boma moja, hajawahi kuniuliza natazama nini kule nje gizani.

Kaka naye eti, "Si ni kioo tu? Mjini Litein vimejaa tele." Nusura nimrushie kikombe.

Mpaka nipate kioo kingine, hiyo nova itakuwa imezimika zamani. Mtu mahali fulani ataiona, ataandika jina lake, na mimi nitabaki na kidoti changu kisicho na shahidi. Nilikuwa naomba mawingu yabaki, angalau nilaumu mvua.

Yameondoka yote. Namsikia Kemunto uani, sauti bado nzito kwa kilio, ananiita: "Wifi, toka uone! Leo nyota zimejaa!"

Nimefunga mlango kwa ufunguo.