Kipengele cha Tisa

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula vizuri na bado ananisema kwamba nabishana na kila mtu, hata redio. Wanao wanakua, yule mkubwa sasa anavaa viatu vya mama yake. Barua hii nimempa mwenzako anayerudi kambini kutoka likizo, aikabidhi mkononi mwako, kwa sababu posta ingechelewa na ninayotaka kukwambia hayawezi kusubiri.

Mkeo amekuficha jambo, na usimlaumu. Tangu uhamishwe kikosi, mshahara wako haujaingia benki, mwezi wa tatu huu. Wifi ameenda ofisi ya malipo mara nne, na kila mara anaambiwa karatasi zako ziko njiani kutoka kikosi cha zamani. Mara ya nne nilimsindikiza. Nikamuuliza karani inakuwaje jeshi likimtaka askari porini linampata kwa siku moja, lakini mshahara wake linautafuta miezi mitatu. Akanijibu kwamba yeye si jeshi, yeye ni karani. Nikamwambia ndivyo wanavyosema wote. Wifi akanivuta mkono tukatoka.

Jumatatu ya wiki iliyopita mwenye nyumba alikuja na seremala, wakang'oa mlango wa mbele. Hakumtukana mtu. Alisema mlango ni wake, na kodi ikilipwa ataurudisha. Seremala alikuwa akiomba radhi huku anafungua bawaba, eti shemeji nisamehe, mimi nimetumwa tu. Wifi ametundika shuka mlangoni, na kwenye kazi yake ya kufua kule hotelini haendi tena, maana nani atabaki na vitu. Ningewachukua mimi, lakini chumba changu unakijua: mimi na Mama tukitaka kugeuka kitandani lazima tukubaliane kwanza.

Basi nikaenda kwenye Mfuko wa Familia za Askari. Najua unacheka. Miaka sita sasa fomu zao zinachapwa kiwandani kwetu, mimi ndiye ninayezikata, na kila zikija nilikuwa nawahutubia wenzangu kwamba ni aibu nchi kununua mizinga kwa kodi za watu, halafu kupitisha kopo la michango kwa ajili ya watoto wa wanaoifyatua. Maneno hayo bado nayasimamia. Ofisi yao iko juu ya duka la matairi. Anayepokea watu ni sajenti mstaafu anayechechemea, na nilimwambia yote hayo kabla hata sijakaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, dada, hoja yako naikubali yote, mimi mwenyewe nilisubiri fidia ya mguu huu miaka miwili. Sasa niambie, mlango unarudi kwa hoja au kwa fomu? Nikavuta kiti, nikaomba fomu.

Mfuko hautoi mkopo. Unamlipa mwenye nyumba moja kwa moja, na hakuna wa kuja kumpiga wifi picha akipokea. Shida ni kipengele cha tisa. Nimekata maelfu ya karatasi zile bila kukisoma. Kinasema: Mimi, askari niliyetajwa hapo juu, nakiri kwamba kwa sasa siwezi kuitunza familia yangu, na naomba isaidiwe. Saini ni ya askari, si ya mke. Wifi alikisoma mara mbili, akairudisha fomu kwenye bahasha. Alisema, wifi, mume wangu namjua, akisaini hii hataniangalia tena usoni. Nikamwambia aniachie mimi, nitaituma kambini na mtu.

Sikuituma. Nilisaini mimi, kwenye meza ya kukatia karatasi, wenzangu wakiwa wamekwenda chai. Saini yako naijua tangu ulipokuwa ukiijaribu nyuma ya madaftari yangu. Nikampelekea sajenti, na wifi nikamwambia imetoka kwako.

Ndiyo sababu ya haraka hii. Nakala imekwenda kwa kamanda wako, na wiki hii utaitwa uulizwe kama saini ni yako. Mwenye nyumba atasubiri jibu mpaka tarehe ishirini; baada ya hapo anaweka mpangaji mwingine. Ukisema si yako, nitajibu polisi, na safari hii sitabishana. Jambo hili nimelifanya nikiwa na akili zangu.

Lakini kabla hujaingia kwa kamanda, jua hili. Nilipomwambia wifi kwamba umesaini, nilidhani atalia. Badala yake aliniuliza kama ulisita. Nikamwambia hukusita. Akasema, kumbe naweza kumwambia mambo. Siku hiyohiyo alianza kukuandikia barua, yenye mlango, ofisi ya malipo, na mengine ambayo hata mimi hakunionyesha. Ameipeleka posta leo asubuhi. Nakuomba uipokee kama mtu aliyesaini.

Mama anakusalimu sana, na wanao pia.

Ni mimi, dada yako.