Besi Iliyokohoa

Shoga yangu, nimeumbuka. Leo nimeumbuka mchana kweupe.

Ile besi inayonguruma niliyokutumia juzi, ukasema imetikisa masufuria yako? Sikuitengeneza mimi. Wiki tatu nimehangaika na sinthesaiza, ile programu ya kutengeneza sauti kwenye kompyuta, nazungusha hiki, napandisha kile, inatoa mlio wa nzi ndani ya chupa. Nikachoka. Nikaikata kwenye wimbo wa zamani wa fundi anayetufundisha studio.

Halafu leo nikampigia besi hiyo hiyo yeye mwenyewe! Mbele ya darasa zima!

"Rudia pale mwisho," akasema. Nikarudia. "Tena." Mie na kiherehere changu nikaongeza na sauti, nadhani imemkosha.

Akauliza taratibu, "Binti yangu, kompyuta yako inakohoa?"

Inakohoa!! Kumbe mzee alinguruma kwa koo lake kwenye maiki, ndipo akaipitisha sauti hiyo kwenye programu. Na mwishoni kuna kikohozi chake. Mimi nilidhani ni ufundi!

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kanisogezea maiki: "Haya, nguruma."

Nikanguruma. Imetoka sauti ya mbuzi, shoga, na hakuna hata aliyecheka.

Akairekodi, akanikabidhi. "Hii sasa ndiyo yako."