Moto wa Boko na Safari ya Ansbert

Boko, Dar es Salaam
Septemba 1953

Kaka yangu mpendwa Projestus,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Apolonia na watoto, na kwamba miguu ya mama imepata nafuu. Mimi ni mzima. Siku hizi nalala vizuri, na ninakula bila kulazimishwa.

Uliniuliza nafanya nini hapa tangu mume wangu Wilbert afariki masika yaliyopita. Kaka, nafundisha moto. Unakumbuka alivyokuwa akiwapeleka wanafunzi wake msituni, na jinsi nilivyokuwa nikikuta majani makavu mifukoni kila nikifua koti lake. Alipoondoka, majirani walikuja kuniuliza nani sasa atawaonyesha namna ya kuchoma mashamba. Bwana Miti, afisa wa misitu wa serikali, alikuwa amekwisha kuonya kwamba msitu ukiungua tena utafungwa, na hakuna atakayeokota hata ukuni humo. Basi nikaanza. Tumelima njia pana kati ya mashamba na msitu, tukaipalilia mpaka haina jani. Tumekubaliana kwamba kila mtu akichoma shamba awaite jirani zake, achome alfajiri upepo ukiwa umelala.

Siku ya kwanza ya mazoezi tulichekwa. Nilimwomba Mzee Mwishehe apige ngoma ya kuita watu. Yeye ni mpigaji wa harusi, na mikono yake ikapiga inachokijua. Watu wakaja mpaka kutoka Mbweni, wanawake wamevaa kanga mpya, mmoja amebeba sinia la ubwabwa, wanauliza bibi harusi yuko wapi. Jirani yangu Zuena alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia mwalimu, leo umealika, utulishe. Nikawaambia bibi harusi ndiye mimi, na mahari yangu ni matawi mabichi. Tukala ubwabwa, kisha nikawafundisha wote kuupiga moto kwa matawi. Sijapata tena darasa kubwa kama lile.

Sasa nikueleze habari za Ansbert, binamu yetu uliyemtuma anichukue anirudishe nyumbani. Alifika salama, amevaa suti na tai, akaniambia kwamba treni ya Mwanza ni Alhamisi na meli ya Bukoba itatungoja. Kesho yake mchana, mrina asali mmoja aliacha mwenge wake kwenye nyasi, na upepo ulikuwa unatoka baharini kuelekea msituni. Mzee Mwishehe akapiga ngoma, safari hii pigo tulilokubaliana. Hakuja mtu na sinia. Walikuja na mapanga, matawi na madebe ya maji. Zuena alimkuta Ansbert amesimama mlangoni, akamwuliza kama kwao moto huzimwa kwa tai. Akaivua. Tulijipanga kwenye ile njia, moshi ukatufumba macho, na mimi nilikuwa nikipiga kelele za kuwapanga watu mpaka sauti ikanikauka. Moto ulifika ukingoni, ukatafuta jani la kushika, haukulipata. Msitu umepona, kaka. Suruali ya Ansbert imeungua pindo, naye anawaonyesha watu pindo hilo kama nishani.

Jioni ile tukiwa tunanawa masizi, alizunguka nyuma ya nyumba kumwaga maji, akakawia. Aliporudi aliweka beseni chini. Kisha akaniuliza, mashimo yale ni ya nini. Nikamwambia ni ya migomba.

Wewe ni Mhaya kaka, huhitaji nikufafanulie: apandaye migomba amekwisha kuweka makazi. Nilianza kuyachimba kabla hujamtuma, nikakosa ujasiri wa kukuandikia. Alhamisi Ansbert atapanda treni peke yake. Naomba usimkasirikie, alinisihi sana, na mwishowe yeye mwenyewe alishika jembe akaniambia shimo moja halijafika kina. Nakuomba radhi yako. Ukinipa, nichagulie machipukizi ya migomba kwenye kibanja cha baba, yale ya karibu na mlango, uyafunge vizuri kwa majani makavu, uyatume yafike kabla ya mvua za vuli. Nitayangoja stesheni.

Mama mwambie taratibu, akishakula. Mnisalimie wifi na watoto, na wote wanaoniulizia. Mungu awatunze.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kokushubila