Kaburi Ndani ya Kibanja Chetu

Ugiriki, Jumapili

Kaka Deusi,

Shikamoo. Mama ameamkaje, na goti lake je? Mimi mzima wa mwili, ila ujumbe wako umenivuruga. Unasema Baba Mdogo amefiwa na mwanawe, anaomba tumzike kwenye kibanja chetu kando ya babu, na Mama anangoja neno langu.

Neno langu la kwanza lilikuwa: akazike barabarani! Kwani amesahau? Baba alipofariki, si yeye aliyesimama kwenye migomba na panga, akidai kibanja ni chake? Mama alimpigia magoti mbele ya waombolezaji wote. Tukamzika Baba makaburi ya kanisa kama mpita njia, na baraza la ardhi lilipoturudishia kibanja tulikuwa tumechelewa. Namchukia, Kaka.

Huku namtunza bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Macho hayaoni tena, lakini tenzi za mashujaa wao wa kale anazo kichwani, na hunieleza nikipika. Ni kama wazee wetu wanaoimba tenzi wakipiga nyuzi za enanga: shujaa hutaja baba zake, hujisifu, huua, ili jina lake liimbwe. Nilimpenda mmoja ambaye rafiki yake aliuawa vitani. Alimuua muuaji, akamburuta mavumbini, akamnyima baba mtu maiti. Nikasema, "Huyo ndiye mwanaume!" Bibi akacheka, "Ngoja, hujamjua bado."

Jana akamalizia. Yule baba, mzee, alikwenda mwenyewe, akabusu mikono iliyomuua mwanawe. Shujaa akalia, akampa maiti, wakala pamoja. Nilikasirika hadi dengu zikaungua. "Ushujaa gani huo?" Akanijibu, "Kuua waliweza wengi."

Basi, azikwe kwa babu. Lakini Baba Mdogo asitume mjumbe. Aje mwenyewe, mchana, watu wakiona, amwombe Mama palepale Mama alipopiga magoti. Mama akikataa, msimshurutishe. Akikubali, kateni ndizi zetu, muwapikie waombolezaji washibe, na Baba Mdogo apakuliwe wa kwanza.

Barua hii naipiga picha nikutumie kwenye simu, maana maiti haingoji posta. Msomee Mama polepole. Msalimie shangazi wa Kibingo, na shemeji anayenihifadhia senene.

Ila usimwambie Baba Mdogo kwamba nimemsamehe. Sijamsamehe. Nimempa kaburi tu.

Mdogo wako,
Asteria