Shetani Aliyekataa Kulala Chali

Jambo yako, Yaya Ngoie, dada yangu mukubwa, na ya batoto wote kule Pweto.

Huku Elisabethville, bwana yako Kabwe, muchezaji wa miereka, bapadri balimupa kazi ya kuigiza shetani mu teatre ya misioni. Malaika, fundi mwembamba wa nguo, alipaswa kumuua na upanga ya mbao. Akapiga; Kabwe akasimama tu.

Malaika akamunongoneza: "Kufa basi, ndugu!"

"Kesho niko na miereka! Bantu bakiona mugongo yangu chini kama ya mwenye kushindwa, nani ataniogopa?"

Bapiga gitaa bakachoka kurudilia wimbo wa ushindi. Padri akakuwa mwekundu kama pilipili.

Kisha Kabwe akajilaza pole-pole, ku tumbo, akafa vile. Makofi mingi! Shetani amekufa, lakini hakushindwa.

Ukae muzuri, yaya, na utume samaki ya kukauka: kufa kulimutia Kabwe njaa sana.

Ndugu yako Mutombo